Ng'ombe wa Mwisho na Silinda Nane

Gari la Nestori lilikuwa na silinda nane, milango miwili na usukani upande wa kushoto, na lilichemka kila lilipotoka Kasulu.

Alilipata Bujumbura. Kwa miaka kumi na minne alikuwa dereva wa Mbelgiji mmoja, mnunuzi wa kahawa, na mwaka 1972 mji ulipoharibika Mbelgiji alipanda ndege akiwa na sanduku moja mkononi. Mshahara wa miezi mitano hakuulipa. Alimwachia Nestori ufunguo. Lilikuwa gari la Kimarekani la mwaka 1965, la buluu, lililoundwa kwa ajili ya vijana wa huko, wenye barabara zilizonyooka na haraka isiyo na sababu. Nestori alikuwa na miaka arobaini na tisa. Aliliendesha mpaka Manyovu, akavuka mpaka, akafika nyumbani Kasulu bila kuongeza maji hata kikombe. Watu walisikia mngurumo wake kabla ya kuliona, wakaliita Mbogo.

Mwaka 1974, muda mfupi baada ya watu kushushwa kutoka milimani na kuambiwa wajenge kando ya barabara, Mbogo alianza kuchemka.

Fundi alikuwa Abbasi, mtu wa Ujiji, mwenye karakana nyuma ya duka la Isihaka karibu na soko. Abbasi alianza na hosi mbili za maji, shilingi thelathini na nane. Mbogo akachemka. Akafungua rejeta, akaisafisha kwa magadi, akailehemu mahali patatu: shilingi sitini na tano. Mbogo akachemka. Akatoa themostati na kuitupa, akisema kidude kile kiliwekwa kwa ajili ya nchi zenye barafu. Pampu ya maji iliagizwa Dar es Salaam, ikapakiwa kwenye treni, ikakaa Tabora wiki sita bila mtu kujua inangoja nini, ikafika ikiwa ya gari jingine. Iliyofuata ilikuwa yenyewe. Zote mbili zililipiwa.

Kisha ikaungua gasketi ya hedi. Mpya ilitoka Nairobi ndani ya mkoba wa dereva wa lori, imefungwa kwa magazeti, nayo ilimgharimu Nestori shilingi mia nne na kumi, mbali na ufundi. Juma hilo aliuza ng'ombe. Baada ya miezi mitano gasketi iliungua tena, akauza wa pili.

Hayo yalikuwa maradhi ya maji tu. Breki zilivuta kushoto. Kabureta ilikunywa petroli kama inalipiwa na serikali. Sakafu ya mbele ilikuwa imeliwa na kutu, na Pelagia, mke wa Nestori, alitandika mkeka juu yake ili vumbi liingie kwa adabu. Mwisho stata ilikufa. Stata ya gari lile, Abbasi alisema, haipo Kasulu, haipo Kigoma, na huenda haipo Afrika. Tangu siku hiyo Mbogo aliwashwa kwa kusukumwa, na akishawashwa hazimwi mpaka mwisho wa safari.

Ng'ombe alibaki mmoja. Alikuwa jike jekundu lenye pembe zilizopinda ndani, na hakuwa wa kuuzwa. Tharsisi wa Rungwe Mpya, ambaye binti yake alikuwa amechumbiwa na Pasikali, mwana wa Nestori, alikuwa amekuja na wazee wawili, akamtazama ng'ombe meno, akamtazama kwato, akasema, "Huyu." Wakanywa pombe ya ndizi juu ya neno hilo. Ng'ombe aliachwa zizini kwa Nestori akamuliwe mpaka wiki ya harusi, na harusi ilikuwa mwezi wa tisa.

Mwezi wa nane Abbasi alimwambia Nestori kwamba amepata habari ya stata. Ipo Kampala. Bei yake ilikuwa bei ya ng'ombe.

Pelagia alikuwa anachambua maharagwe. Aliendelea kuyachambua.

"Baba Pasikali," alisema, "hilo gari limekula ng'ombe wawili, na mimi nimenyamaza. Likimla huyu wa tatu, Pasikali ataoa kwa kutumia nini? Hosi?"

"Sijasema nitauza."

"Hata wale wawili hukusema."

Nestori alivaa kofia akaondoka, maana ilikuwa kweli.

Aliyeleta nafuu ni Hilali, mfanyabiashara wa Kibondo, ambaye wazazi wake walitoka Pangani na ambaye alitaka gari la kubebea maharusi. Alipita Kasulu, akamzunguka Mbogo mara tatu, akapiga teke gurudumu moja kwa heshima. Akatoa sharti lake. Ijumaa baada ya sala angepanda lori la Kigoma kuwahi treni. Mbogo akifika Kibondo kwa nguvu zake kabla ya sala hiyo, angetoa shilingi elfu mbili na mia tano.

"Na likifika likivutwa?" Nestori aliuliza.

"Likivutwa nanunua injini tu. Nitaifunga kwenye mashine ya kusaga. Mia nne."

Deni alilodaiwa na Abbasi kwa ufundi peke yake lilikuwa elfu moja na mia moja. Mia nne ingemwacha ng'ombe mwekundu akitazamana na deni hilo, na kila mtu pale alijua nani angeshinda.

Kwa hiyo Abbasi naye akaamua kwenda. Alitaka fedha zake, na alitaka kuona. Kwa miaka miwili jambo moja lilikuwa limemnyima usingizi. Yeye mwenyewe alilijaribu gari kila baada ya matengenezo. Alilipeleka Kabanga na kulirudisha, akalipandisha milima, akalikanyaga mafuta mpaka mbuzi wakahama kijiji, na mshale wa joto haukutoka katikati. Akimkabidhi Nestori, siku ya pili linarudi linafuka moshi.

"Ulipakia mzigo?" alikuwa akimwuliza.

"Sikupakia."

"Ulikwenda mbio?"

"Polepole."

"Palikuwa na mlima?"

"Tambarare."

"Basi labda linakujua wewe," Abbasi alisema mara moja, kisha akaagiza gasketi nyingine.

Ijumaa hiyo walisukumwa na watu wa sokoni saa kumi na mbili asubuhi. Nestori alishika usukani, Abbasi alikaa mbele upande wa kulia, na Pelagia alikaa nyuma na blanketi, chupa ya chai na madumu mawili ya maji. Mbogo alinguruma vizuri. Asubuhi ilikuwa baridi, na vumbi lilikuwa bado limelala.

Nje kidogo ya mji, kwenye nyumba za kwanza za kijiji, mzee mmoja alikuwa ameketi mlangoni kwake akingoja jua. Kwa kuwa usukani ulikuwa kushoto, Nestori alifika hatua mbili tu kutoka magotini mwa yule mzee. Alikanyaga breki. Alitoa gia, akaacha injini ikinguruma, akashuka, akavua kofia. Akainama, akapiga makofi taratibu.

"Mwakeye," alimwamkia.

"Mwakeye," mzee alijibu, naye akipiga makofi. Akauliza habari za nyumbani. Za watoto. Za ndugu mkubwa. Za ng'ombe. Nestori akajibu kila moja, akainama tena, akaanza yeye kuuliza: za nyumbani, za watoto, za mgongo, za mvua iliyochelewa mwaka jana. Mzee alikuwa na mengi kuhusu mgongo.

Abbasi aliutazama mshale. Ulikuwa katikati. Ukasogea kidogo. Akatoa saa mfukoni. Nestori aliporudi zilikuwa zimepita dakika nane.

"Tumpe Mungu sifa, yule mzee hajambo," Nestori alisema, akatia gia.

Walikwenda mita mia nne. Palikuwa na mzee mwingine, na mkewe. Nestori alikanyaga breki.

Walipofika kwa wa nne, maji yalianza kuimba chini ya boneti. Mvuke ukatoka. Abbasi hakushuka kutazama injini. Alibaki amekaa, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyepewa barua ya zamani iliyokuwa imepotea posta.

"Bwana Nestori," alisema Nestori aliporudi. "Hivi ndivyo unavyofanya kila safari?"

"Hivi vipi?"

"Kushuka kwa kila mzee."

Nestori alimtazama. "Wewe huwa unapita tu?"

"Nimefungua injini hii mara tatu. Nimekuuliza mzigo, nimekuuliza mlima, nimekuuliza mwendo. Hili hukuniambia."

"Hukuliuliza. Uliwahi kuniuliza kama napumua?"

Abbasi alieleza polepole, maana alikuwa anajieleza na yeye mwenyewe. Injini kubwa namna ile hupozwa na upepo wa mwendo. Feni yake ni ya kusaidia tu. Ukisimama nayo ikinguruma dakika nane, kisha mita mia nne, kisha dakika nane nyingine, hakuna rejeta duniani itakayovumilia. Bujumbura mpaka Kasulu lilikuja zima kwa sababu wakati ule wazee walikuwa mlimani, mbali na barabara. Sasa wamepangwa kandokando kama nguzo za simu.

"Kwa hiyo halina ugonjwa," Pelagia alisema kutoka nyuma.

"Halina, mama Pasikali. Halikuwahi kuwa nao."

Pelagia alikunja vidole viwili, kimoja baada ya kingine, na ilikuwa wazi kwamba anawafikiria ng'ombe wawili kwa majina yao.

Walimwaga maji, wakangoja, wakajaza. Ilikuwa saa mbili kasoro. Mbele yao palikuwa na zaidi ya kilomita mia moja na vijiji visivyopungua kumi na viwili, na jua lilikuwa linawatoa wazee nje.

"Wapungie mkono," Abbasi alisema.

"Mzee nimpungie mkono? Kama namfukuza nzi?"

"Basi zima injini ukisalimia."

Walijaribu. Kwenye kijiji kilichofuata Nestori alizima, akasalimia kwa dakika tisa, kisha yeye, Abbasi, Pelagia na wajukuu wanne wa yule mzee walisukuma. Njia ilipanda kidogo. Mbogo alikuwa na uzito wa gari lililoundwa mahali ambapo chuma hakina bei. Walipofaulu kuliwasha, Abbasi alikuwa ameketi chini na mzee alikuwa anauliza kama wangependa kusalimiana na ndugu yake, nyumba ya pili.

Saa tatu na robo. Pelagia alishuka.

"Baba Pasikali, hamia nyuma."

"Kwa nini?"

"Fundi ataendesha. Yeye ni mtu wa Ujiji, hakuna atakayemshangaa. Wewe utalala."

"Nitalala vipi?"

"Ulale chini ya blanketi. Wasipokuona, hujawapita."

Nestori alisimama barabarani akiwa na kofia mkononi. Mbogo alinguruma kando yake. "Mimi mtu mzima, baba wa watu, nipite kwa watu nimefunikwa kama gunia la mihogo."

"Ng'ombe amebaki mmoja," Pelagia alisema. Hakupandisha sauti.

Nestori alivua viatu, kwa kuwa hakutaka kuchafua kiti cha kuuzwa, akaingia nyuma. Kiti kile kilitengenezwa kwa ajili ya watoto au mbwa. Alijikunja kadiri alivyoweza, Pelagia akamfunika, na miguu ikabaki nje ya blanketi, nyayo zikiegemea kioo. Walijaribu kuirudisha ndani. Kichwa kikatoka. Wakaona afadhali miguu, kwa sababu miguu haina wa kuijua.

Pelagia aliketi mbele upande wa kulia. Na yeye alikuwa mwenyeji. Wazee wale wote walimjua tangu alipokuwa msichana, na kuwapita bila kupiga goti kulimchoma. Kwa hiyo alijitanda kanga mpaka usoni, akainamisha kichwa, akakishika kwa mikono miwili.

Abbasi akatia gia. Kwa miaka miwili alikuwa amelitengeneza gari hili bila kuliruhusu likimbie safari ndefu. Sasa aliliruhusu. Mbogo aliinua pua, akapiga kelele moja ndefu, na kijiji cha kwanza kikapita kama ukurasa uliofunuliwa na upepo.

"Ilikuwa kwa nani hiyo?" Nestori aliuliza chini ya blanketi.

"Usiulize," Pelagia alisema.

"Ni Makere?"

"Lala."

Mshale ulirudi katikati na kukaa hapo. Walipita Makere. Abbasi alianza kuimba kwa sauti ya chini, kisha akaacha, maana aliona jambo. Wazee walikuwa wanasimama. Walikuwa wanalitazama gari likija kwa mbio, wanatazama dereva mgeni, wanamtazama Pelagia aliyejitanda na kushika kichwa, wanatazama kioo cha nyuma. Kisha wanavua kofia na kubaki wameinamisha vichwa mpaka vumbi liwafunike. Mama mmoja alitupa jembe na kuweka mikono kichwani.

"Watu wa huku wana adabu," Abbasi alisema. "Hata gari wanaliheshimu."

Pelagia hakuona chochote, kwa kuwa alikuwa amefumba macho.

Walivuka daraja la Malagarasi saa tano. Kitahana waliipita bila kupunguza mwendo. Saa sita na dakika tano Mbogo aliingia Kibondo kwa nguvu zake, akazimwa mbele ya duka la Hilali, na ukimya ukauma masikio.

Hilali alitoka amevaa kanzu ya kwendea msikitini. Aliweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo muda mrefu.

"La vuguvugu," alisema.

"La vuguvugu," Abbasi alikubali, kama daktari.

Blanketi likainuka. Nestori alitoka kwa shida, akavaa viatu, akamsalimia Hilali, akamsalimia mkewe, akawasalimia watu wawili waliokuwa wananunua chumvi, kisha akamwomba Hilali samahani kwa haraka waliyokuja nayo.

Hilali alikata mia kwa ajili ya stata, hamsini kwa honi, na hamsini nyingine alipoinua mkeka na kuona barabara. Elfu mbili na mia tatu zilihesabiwa juu ya kaunta. Abbasi alichukua zake pale pale.

"Niambieni kweli," Hilali alisema akifunga sanduku. "Gari hili lina ubovu gani?"

Nestori na Pelagia walimtazama fundi.

"Halitaki kusimama kuamkiana," Abbasi alisema.

"Mimi huamkiana dukani," Hilali alisema, akaenda kusali.

Siku hiyo hapakuwa na lori la kurudi lenye nafasi. Walilala kwa jamaa ya Pelagia, na Jumamosi wakapanda lori la pamba, juu ya marobota, ambako mtu hawezi kuona barabarani wala kuonekana. Pelagia alikuwa amefunga shilingi elfu moja na mia mbili kiunoni. Alisema kidogo, lakini mara mbili alicheka peke yake, na mara ya pili Nestori alicheka naye bila kuuliza sababu.

Lori liliwashusha Kasulu saa kumi jioni. Walipokaribia nyumbani waliona baiskeli nyingi zimeegemezwa kwenye ua wa jirani, na moshi. Kijana wasiyemjua, mgeni wa upande wa Mtabila, alikuwa amesimama njiani akichokonoa meno kwa kijiti.

"Pana nini, kijana?" Nestori aliuliza.

"Msiba, mzee."

"Pole sana. Nani amefariki?"

"Nestori."

Nestori alivua kofia. "Nestori yupi?"

"Wa gari."

Nestori aliirudisha kofia kichwani.

"Lini?" Nestori aliuliza.

"Jana asubuhi. Walimkimbiza Kibondo hospitali, lakini alikuwa ameshakwenda. Wazee wa njia nzima waliona miguu."

Pelagia alishusha kanga kutoka kichwani taratibu, kama mtu anayeondoa ushahidi.

Uani kwao kulikuwa na watu wapatao themanini. Waliwaona mmoja baada ya mwingine, na mazungumzo yakafa kwa zamu, kutoka mlangoni mpaka jikoni. Pasikali, aliyekuwa karani wa stesheni Kigoma, alikuwa amepata simu ya maandishi Ijumaa mchana na alikuwa amekuja na mita nne za bafta nyeupe ya sanda. Alisimama akiwa amezishika. Aliyesema wa kwanza ni Stanislaus, ndugu mkubwa wa Nestori, mkubwa wa ukoo.

"Umechelewa," alisema. "Tumeshakula."

Nestori aliinama, akapiga makofi, akamsalimia. Stanislaus akajibu. Hilo liliwatuliza watu kuliko neno lolote ambalo mtu angeweza kusema, kwa sababu hakuna mzimu ambao umewahi kuuliza habari za mgongo.

Lakini Pelagia alikuwa ameshapita. Alikwenda zizini, akasimama mlangoni. Zizi lilikuwa tupu. Juu ya ua, ngozi nyekundu ilikuwa imetandazwa, imepigiliwa vijiti.

Alirudi polepole.

"Nani alisema achinjwe?"

"Mimi," Stanislaus alisema. "Jana ilikuwa Ijumaa, siku isiyoliwa nyama, tukangoja. Leo asubuhi tukamchinja. Watu themanini, shemeji. Ungetaka wamlilie ndugu yangu kwa maharagwe?"

"Maiti mlikuwa mmeiona?"

"Tuliambiwa."

"Maiti hungojwa," Pelagia alisema.

Kisha macho yakaanza kuelekea upande mmoja, bila haraka, mpaka wote walipokuwa wanamtazama Tharsisi wa Rungwe Mpya. Alikuwa amekuja alfajiri kwa baiskeli kumzika mkwe mwenzake. Alikuwa amekaa juu ya kiti cha heshima, na mbele yake, juu ya jani la mgomba, palikuwa na mguu wa nyuma wa ng'ombe, kama apewavyo mkwe, na nusu yake ilikuwa mfupa.

Tharsisi alipangusa vidole.

"Mimi nimefurahi kwamba mkwe yuko hai," alisema. "Hilo liwe la kwanza. La pili, harusi ni wiki tatu kutoka leo, na ng'ombe wangu simwoni."

"Unamwona," Stanislaus alisema.

"Huyu nimemla kwa msiba. Chakula cha msiba hakihesabiwi."

"Hapakuwa na msiba," mzee mmoja alisema kutoka pembeni.

"Basi nimekula nini?"

Wazee walilifikiria jambo hilo. Mmoja alisema ni chakula cha kawaida. Mwingine alisema ng'ombe mzima si chakula cha kawaida. Nestori alikuwa bado anazunguka uani akisalimia, amefika kwa mtu wa ishirini, na hakuwa mtu wa kukatiza salamu kwa sababu ya mali. Pasikali alizidi kuishika bafta. Pelagia alizigusa shilingi zake kiunoni. Ng'ombe wa namna ile, anayekamuliwa, angegharimu mia saba. Baada ya kulipa deni la petroli kwa Isihaka, hizo mia saba zingekuwa zote walizobaki nazo duniani. Mbogo angekuwa amemla na wa tatu, tena baada ya kuuzwa.

Aliketi chini mbele ya wazee, akanyoosha miguu kama waketivyo wanawake wenye jambo refu.

"Baba Tharsisi," alisema, "nikuulize kidogo. Siku ile ulipokuja na wazee wako, ulimtazama ng'ombe meno?"

"Nilimtazama."

"Ukasema nini?"

"Nikasema, huyu."

"Tukanywa?"

"Tulikunywa. Ilikuwa pombe nzuri."

"Tangu siku ile alikuwa ng'ombe wa nani?"

Tharsisi alipangusa tena vidole. Hakuwa mjinga, na aliona njia inakoelekea, lakini wazee wawili aliokuwa amekuja nao siku ile walikuwa wamekaa nyuma yake, na mmoja alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa kukubali.

"Alikuwa wangu," alisema.

"Sisi tulikuwa tunamkamua tu. Ulituazima maziwa."

"Niliwaazima maziwa."

"Basi mahari ya Pasikali imekwisha kutolewa, mbele ya mashahidi, ikalewewa. Aliyechinjwa leo si ng'ombe wa Nestori. Ni ng'ombe wako. Na aliyemchinja ng'ombe wako bila kukuuliza," Pelagia alisema, akigeuka kidogo, "yuko hapa hapa."

Watu themanini walimgeukia Stanislaus. Yeye alikuwa na ng'ombe saba, na uso wake ulionyesha kwamba anawaona wote.

"Nilimchinja kwa ajili ya ndugu yangu," alisema.

"Ndugu yako hakukutuma," mzee wa pembeni alisema. "Alikuwa Kibondo anauza gari."

Wazee walijitenga nyuma ya nyumba. Hawakukaa sana, jua lilikuwa linashuka na wengi walikuwa na mwendo mrefu. Waliporudi, walisema kwamba mahari ilitolewa siku ya neno na pombe, na haitolewi mara mbili. Stanislaus angemlipa Tharsisi ng'ombe. Mguu ule, kwa kuwa Tharsisi aliula akiwa na nia njema, asiuongelee mtu tena. Na Nestori, kwa kuwa mtu mzima hapiti mbele ya wakubwa akiwa amelala, angerudi kwa miguu mpaka Makere, nyumba kwa nyumba, akawasalimie wote aliowapita huko. Nestori alipoambiwa alishukuru. Alisema ndilo lililokuwa linamsumbua tangu jana, na kwamba ataanza Jumatatu.

Pelagia alitoa mia moja kiunoni na kumpa Stanislaus kwa ajili ya uchungu. Stanislaus alizipokea kwa mikono miwili.

Kisha Tharsisi alisimama, akafungiwa salio la mguu kwenye jani la mgomba kwa ajili ya nyumbani, na yeye, Pelagia na Stanislaus wakafuatana mpaka zizini kwa Stanislaus. Tharsisi aliingia ndani. Alimtazama wa kwanza meno. Alimtazama wa pili meno na kwato. Stanislaus aliegemea mti wa ua na kusema kwamba yule mweupe ni mkali, na yule wa pembeni hutoa maziwa kidogo, na yule mkubwa, mwenye doa, hana lolote, ni mwili tu.

Tharsisi alimsikiliza mpaka mwisho. Akaweka mkono juu ya mgongo wa mwenye doa.

"Huyu," alisema.